Charja ya kwenye ndege ndogo inazimwa wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mlitoa habari ya ndege ndogo zinazopeleka watalii mbugani hapa Uganda, Kidepo, Pakuba, Kihihi kule upande wa Bwindi, na mwandishi wenu akasifu sana kwamba siku hizi abiria anakuta pa kuchomeka charja ya simu pembeni ya kiti, kuna kamera ya kurekodi safari, tableti ya rubani nayo iko pale mbele inawaka muda wote. Sina ubaya na habari hiyo, watalii wanaleta pesa na simu ikiisha chaji hakuna picha ya twiga. Ila mi ni fundi wa umeme wa ndege, kazi yangu ni kulala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, na kuna swali moja mwandishi hakuuliza na kwangu ndo kubwa kuliko yote: hiyo charja inazimwa wapi?

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Ndege ndogo za pistoni, hizi Cessna 172, 182 na 206 ambazo watu wa karibu na kiwanja cha Kajjansi wanaziona zikipita juu ya mabati yao, umeme wake ni DC, unaokwenda upande mmoja kama wa betri, nyingi za zamani ni volti 14 na betri ya 12, za baadaye ni volti 28 na betri ya 24. Kuna alteneta, kuna betri, na kuna masta swichi nyekundu yenye vipande viwili, kimoja cha betri kimoja cha alteneta. Hiyo masta swichi yenyewe haipitishi umeme mwingi, inachofanya ni kuvuta relei nene iliyo karibu na betri na hiyo relei ndo inaruhusu umeme uende kwenye ndege nzima. Ukitoka hapo umeme unaingia kwenye basi baa, kipande cha shaba kilicho nyuma ya sakiti breka, vile vitufe vinavyoruka na kukata umeme ukizidi, na kutoka pale kila kifaa kinapata breka yake, waya wake na swichi yake. Redio zina masta yao ya peke yake kwa sababu wakati wa kustati injini volti inashuka na kurukaruka na redio hazipendi hivyo. Mpangilio huo una sababu: rubani akitaka kukata kitu kimoja akate hicho tu, akitaka kukata vyote akate vyote kwa kidole kimoja.

Na jambo ambalo abiria wengi hawalijui, injini yenyewe haitegemei betri ikishawaka. Cheche zinatoka kwenye magneto mbili, vijijenereta vinavyozungushwa na injini, kwa hiyo hata ukizima masta angani injini inaendelea kunguruma kama kawaida. Swichi ya magneto inafanya kazi kinyume na swichi zote, ukizima unakuwa umeunganisha waya wa magneto na athi, yaani mwili wa ndege, ukiwasha umeuachia, ndo maana waya huo ukikatika magneto inabaki hai hata ufunguo ukiwa umetolewa na mtu akigusa propela kwa mkono anaweza kukatwa. Hilo ni la siku nyingine lakini nimelisema kwa sababu wapo vijana wanasukuma ndege kwa kushika propela na hakuna aliyewaambia.

Basi rubani akinusa waya unaungua, anafanya nini? Kitabu cha Cessna 172 kinamwambia azime masta kwanza, azime swichi zote nyingine isipokuwa za injini, afunge matundu ya hewa, atumie mtungi wa kuzimia moto. Moto ukionekana umezimika na anahitaji umeme ili atue, anawasha masta tena, anaangalia breka gani imeruka na hairudishi, halafu anawasha kifaa kimoja, anasubiri, anawasha kingine, anasubiri, mpaka ajue mbaya ni yupi amuache amelala. Sasa fikiria kwenye hiyo ndege kuna charja nne, kamera na kisanduku cha kufuatilia ndege na vyote havina swichi, vimeungwa kwenye waya wa taa za paneli au wa redio. Akirudisha masta tu navyo vimewaka vyote kwa pamoja, bila yeye kujua, na kama moto ulitoka kwenye charja basi ameuwasha tena mwenyewe akiwa hewani juu ya Karamoja ambako kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni mwendo mrefu. Pale hana la kuchagua tena, inabidi azime masta, atabaki bila redio na bila transponda, kile kifaa kinachomwonyesha kwenye rada, na Cessna nyingi flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vya kupunguza mwendo, nazo ni za umeme kwa hiyo atatua bila flapu.

Hii sio hofu ya kutunga. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair namba 111 ilitoka New York kwenda Geneva, ikaanguka baharini karibu na Nova Scotia huko Kanada na watu 229 wakafa wote. Ilikuwa ndege kubwa, MD-11, lakini somo lake ni la ndege yoyote. Walikuwa wamefunga mfumo wa ziada wa burudani kwa abiria, filamu na michezo, na wachunguzi wa Kanada wakakuta waya wa mfumo huo ni miongoni mwa waya zilizokuwa na alama za cheche pale moto ulikoanzia, juu ya dari la upande wa marubani, na blanketi la kuzuia joto lililokuwa karibu likashika moto. Halafu wakakuta kitu kingine kinachoniuma zaidi mimi kama fundi. Marubani wana swichi ya kukata umeme wote wa sehemu ya abiria moshi ukitokea, lakini mfumo wa burudani uliungwa mahali ambapo swichi hiyo haiufikii. Unaizima, taa za abiria zinazima, burudani inabaki na umeme. Hata kama si hilo peke yake lililoangusha ile ndege, mtu aliyechora ule waya alimnyang'anya rubani mkono mmoja.

Na za ndogo pia zipo. Julai 10, 2007 kule Sanford, Florida, Cessna 310 ilianguka kwenye nyumba za watu, wakafa wawili waliokuwa ndani na watatu waliokuwa nyumbani kwao. Siku moja kabla rubani mwingine alinusa harufu ya kuungua, rada ya hali ya hewa ikazima, akavuta breka yake, harufu ikaisha, akaandika kwenye karatasi kwamba kuna tatizo. Kesho yake ndege ikaruhusiwa kuruka bila mtu kuangalia ule waya. Dakika chache angani moshi ukajaa ndani. Wachunguzi wakaona inawezekana sana breka ile ilirudishwa kabla ya safari. Yaani onyo lilitolewa, likaandikwa, likafungiwa kwenye faili.

Sasa nirudi kwetu. Sitaji kampuni wala mtu, lakini kuna ndege niliyofungua paneli yake mwenye nayo akisema tu redio inapiga kelele. Nyuma nikakuta waya mwekundu wa spika ya gari, mtu amemenya ngozi ya waya wa taa za paneli akausokota pale kwa mkono, akazungushia tepu nyeusi. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka kwa joto imekuwa kama asali na vumbi jekundu limeganda juu yake, tepu yenyewe imeshaanza kufunguka. Huo waya ukaenda ukapita kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kulinda, na pale kwenye ukingo wa bati ngozi ilikuwa imesuguliwa mpaka shaba inang'aa upande mmoja, kama urefu wa punje ya mchele hivi. Kila safari ya murram, kila kutua Kidepo, bati linakata kidogo. Upande wa pili wa lile tundu, kwa umbali wa vidole viwili, kulikuwa na mrija wa mafuta wa kupima presha. Niliita mwenye ndege nikamshikisha kioo na tochi aone mwenyewe. Hakusema kitu kwa muda, halafu akauliza, fundi, mbona inafanya kazi?

Inafanya kazi, ndiyo, waya mbovu unafanya kazi mpaka dakika unapoacha. Na breka haikumsaidia, maana hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani breka ipo kulinda kifaa. Breka inalinda waya. Unene wa waya tunauita geji, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Waya wa geji 22 unawekewa breka isiyozidi ampea 5, geji 20 ni 7.5, geji 18 ni ampea 10, hivyo ndivyo kitabu cha Wamarekani AC 43.13-1B kinavyosema na mafundi wa dunia nzima wanakitumia. Ukichukua waya mwembamba wa spika ukauunga kwenye mstari wenye breka ya 10, ule mwembamba utawaka wekundu kabla breka haijashtuka. Halafu waya wa spika ngozi yake ni PVC, ikiungua inatoa moshi wa sumu ndani ya kachumba ambako watu wanne wamekaa wamebanana. Waya wa ndege ngozi yake ni Tefzel, shaba yake imepakwa bati na ni nyuzi 19 nyembamba zilizosokotwa pamoja ili zihimili mtikisiko. Bei ni kubwa, najua, na hauuzwi kila duka. Na ncha zake tunabana kwa koleo maalum la kukrimpu, hatulehemu, kwa sababu risasi ya kulehemu inapanda ndani ya nyuzi inazifanya ngumu na mtikisiko unazikata pale pale ugumu unapoishia.

Swichi nayo. Nawaheshimu sana mafundi wa Kisekka na Katwe kule Kampala, hakuna gari wanaloshindwa, na swichi zao ni nzuri kwa gari. Ila mtu akininunulia swichi ya ukutani au ya pasi iliyoandikwa 10A 250V akaniambia hii ni kubwa kuliko tunavyohitaji, inabidi nimweleze. Ile 10A ni ya umeme wa nyumbani wa AC ambao unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ya kwenye swichi inajizima yenyewe. DC haipiti sifuri, ukifungua swichi cheche inang'ang'ania na kula uso wa shaba kila siku. Na zaidi ya hapo kuna aina ya mzigo. Taa ya balbu ikiwa baridi inaweza kuvuta mara 15 ya umeme wake wa kawaida kwenye sekunde ile ya kwanza, kwa hiyo kitabu kile kile kinasema kwenye ndege ya volti 24 uzidishe mara 8, yaani balbu inayokula ampea 3 inataka swichi yenye uwezo wa ampea 24. Mota ni mara 3, relei na solenoidi ni mara 4, hita ni mara 2. Nimefungua swichi iliyofungwa bila hesabu hiyo, ndani midomo yake miwili imeshikana imekuwa kitu kimoja, rubani anabonyeza kuzima na kidude kinashuka chini vizuri kabisa lakini taa haizimi. Swichi isiyozima ni mbaya kuliko kutokuwa na swichi maana rubani anaamini amezima.

Wenye ndege wananiambia, alteneta yangu ni ya ampea 60, charja za simu ni kitu gani. Sawa, tupige hesabu. Matundu 8 ya USB, kila moja wati 12, jumla wati 96. Kwenye ndege ya volti 28 hiyo ni karibu ampea 4 ukiweka na upotevu, waya wa geji 22 na breka ya 5 inabeba. Kwenye ndege ya volti 14 ni karibu ampea 8, hapo unataka geji 18 na breka ya 10. Mizigo inajumlishwa na taa ya kutua, hita ya pitoti (mrija wa kupima mwendo), redio, transponda, na ukiwa huna namna ya kujua mzigo umefika wapi basi hutakiwi kuzidi asilimia 80 ya alteneta. Hesabu hiyo inaandikwa, inawekwa kwenye faili la ndege. Ni nusu saa ya kazi na kalamu, sijui kwa nini inaonekana mzigo.

Kuna na hili la volti ambalo linachoma vifaa vya watu bure. Charja nyingi za gari zimeandikwa 12 hadi 24. Mtu anaona ndege ina betri ya 24 anachomeka, lakini alteneta ikifanya kazi umeme ni 28 na kuna kuruka juu wakati wa kuwasha na kuzima mota, kapasita ndogo ya ndani inapasuka. Kabla haijapasuka inapiga kelele kwenye redio, kwa sababu charja za bei rahisi zinakata umeme mara maelfu kwa sekunde na kelele yake inaingia kwenye masafa ya redio ya ndege na saa zingine inaziba hata GPS. Ukitaka kujua, fungua skwelchi ya redio, ile inayonyamazisha mvumo, sikiliza, halafu chomeka na uchomoe charja. Na msiupitishe waya wa DC karibu na dira ya sumaku bila kuusokota pamoja na wa kurudi, dira itadanganya kila mkiwasha kifaa.

Vile visanduku vya kufuatilia ndege navyo naomba visiungwe moja kwa moja kwenye betri. Najua wenye ndege wanapenda vifanye kazi hata masta ikiwa imezimwa ili wajue ndege iko wapi. Lakini kifaa kinachokula ampea 0.1 tu, ndege ikilala siku nne, kimeshakula karibu ampea-saa (Ah) 10, na betri ya volti 24 kwenye ndege hizi nyingi ni kati ya Ah 10 na 14. Rubani anafika Kidepo asubuhi na wageni na mizigo, anawasha masta, kimya. Betri ikifa kabisa hata ile relei haivuti na alteneta haipati umeme wa kuianzisha, kwa hiyo hata mkistati kwa kuzungusha propela kwa mkono, jambo ambalo limeua watu, bado mtaruka bila umeme.

Sasa ninachoomba, Mhariri, na ningependa wenye ndege na UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda, wasome hapa. Kila kifaa kilichoongezwa baada ya ndege kutoka kiwandani kiwe na swichi yake, iliyoandikwa jina lake kwa herufi zinazosomeka usiku, mahali ambapo rubani akiwa amefunga mkanda anafika kwa mkono bila kuinama, juu iwe kuwasha na chini kuzima kama zingine zote. Kiwe na breka yake mwenyewe, sio kudandia ya jirani. Kiwe nyuma ya masta swichi, ili masta ikizimwa nacho kife. Kiwe kimeandikwa kwenye logibuku na fundi mwenye leseni, chenye kibali cha mabadiliko, na karatasi ya dharura ya rubani irekebishwe ikitaje. Na mkaguzi akija asiishie kuangalia karatasi, akae kwenye kiti cha rubani aseme zima charja, zima kamera, zima kisanduku, halafu apime na mita kama kweli umeme umekatika. Ile shule ya urubani na ufundi ya Soroti ambayo ipo tangu 1971 inafundisha haya, vijana wanaotoka pale wanajua, tatizo wanapofika kazini wanaambiwa na mwenye mali kwamba ndege inatoka saa moja asubuhi na charja iwe imefungwa.

Kwa watalii kuna njia nyepesi ambayo haigusi waya hata mmoja. Pawabanki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, iko chini ya kile kikomo cha Wh 100 ambacho mashirika ya ndege yanaruhusu, inakaa na mwenyewe ndani, isiwekwe kwenye mizigo ya nyuma, na ikianza kupata joto watu wanaiona. Safari ya Entebbe hadi Pakuba haimalizi pawabanki. Mwenye ndege akinunua chache akawa anazichaji ofisini, amewaridhisha wageni wake kwa pesa kidogo kuliko waya na kibali.

Na wale ambao tayari wamefunga, ukaguzi unaofuata mwambieni fundi wenu afungue paneli mpaka nyuma, afuate kila waya ambao haumo kwenye mchoro wa kiwanda kutoka mwanzo hadi mwisho, na mumpe muda wa kuifanya hiyo kazi bila kumpigia simu kila saa kuuliza ndege itatoka lini.

Wako,
Fundi wa umeme wa ndege,
Barabara ya Entebbe, Wakiso